Shukrani Kabla ya Kazi

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimepata kazi! Kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, hapa hapa Ipogolo, kwa simu yangu. Anayeniajiri tunaandikiana WhatsApp tu, anajiita Madam Recruiter. Ameomba picha ya kitambulisho changu cha taifa, cha NIDA, mbele na nyuma. Nilisita, lakini nimesota mtaani tangu nimalize chuo. Nimetuma. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kachungulia.

Jumatano, 18 Juni
Mahojiano ya kuandika hayajaja. Sasa Madam anataka nilete watu watatu, kila mmoja na kitambulisho, ndipo nianze. Nimeuliza mkataba. Kasema wenye wasiwasi hawafai.

Nimempigia Yasmini, nilisoma naye. Yuko Mbalizi, anatengeneza matangazo ya watu mtandaoni, ndiyo kazi yake. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Ofisi yao iko wapi? Sijui. Jina la huyo Madam? Sijui. "We Eveline, sasa unajua nini?" Mteja wa kweli, kasema, anataka kuona kazi yako, si kitambulisho cha jirani yako. Yeye ana mteja, mwenye kitalu cha miche ya parachichi, anataka maelezo ya kuweka kwenye ukurasa wake. Niandike kipande kimoja, aone. Kipande kimoja! Niliona aibu hata kuiita kazi.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeitafuta mtandaoni picha ya Madam. Ni ya mwalimu wa nchi nyingine kabisa, maskini, wala hana habari. Nimemblock. Lakini kitambulisho changu kiko kwa nani? Watakifanyia nini? Naogopa, naogopa kweli.

Nimeandika maelezo ya parachichi. Yasmini kayarudisha: maneno ya chuo yamejaa, mkulima anataka kujua mti unazaa lini. Nimeandika upya.

Mama sijamwambia. Anapiga pasi kitenge cha Jumapili. Mtoto akipata kazi lazima mzazi amsimamishe mbele ya usharika atoe shukrani. Kila nikifungua mdomo, anaanza kuimba.

Jumamosi, 21 Juni
Baridi kali. Jumuiya ya majirani imesali kwetu leo. Naandikia jikoni, najifanya nachemsha chai.

Baada ya sala Mama kasimama. Nilidhani anashukuru tu. Kumbe Jumatano alinisikia nikimtajia Yasmini watu watatu, akashika nusu! Kawatangazia nafasi za kazi zipo, watu wasiachwe nyuma. Mama Tadeo keshamwita mwanawe, kaja na shati la kanisani. Mzee Aroni anauliza kama umri si tatizo, kitambulisho anakifutia kwenye koti.

Simu. Yasmini! Mwenye kitalu amekubali, anataka kipande cha pili leo. Kazi ya kweli, na siwezi hata kufurahi.

"Eveline, njoo basi uwaandikishe wenzio!" Sauti hiyo ya furaha sijaisikia tangu Baba atutoke. Nikisema ukweli mbele ya wote, Mama ataweka wapi uso? Nisiposema —

Chai imemwagika. Mlango unasukumwa. Ni Mama, anacheka kwa aibu. Anasema wamepatikana wawili tu, na nafasi ya tatu basi nimwandike yeye. Ameshanishikisha kitambulisho chake.