Kilo Sitini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Jimu iko juu ya duka la rangi, ngazi ishirini na sita. Nilipofika juu nilikuwa nimeshamaliza mazoezi! Nikashika ukuta, nikajifanya nasoma tangazo.

Mwalimu ni mwanamke mfupi, mabega mapana, haongei sana. Akaniuliza nataka nini. Wengine wanataka tumbo liishe, wengine wana harusi. Nikasema nataka kumwinua mama yangu. Hakucheka. Akauliza mama ana kilo ngapi. Sitini na nne, walimpima kliniki mwaka juzi. Na wewe? Akaninyooshea kidole kwenye mizani. Tisini na saba na nusu. Nikaangalia pembeni, kama vile ni za mtu mwingine.

Chuma kitupu, bila visahani pembeni, kilo ishirini. Nimekinyanyua mara tano. Nyumbani hakuna wa kumwambia, ndiyo maana naandika huku nyuma ya daftari la vipimo. Mbele wateja, nyuma mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kukaa siwezi. Kusimama siwezi. Choo ni adhabu! Fundi mwenzangu — tunashona sare za shule, yeye mashati, mimi sketi — akauliza nimeanguka wapi. Nikasema ngazi. Si uongo wote.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Januari mama aliteleza bafuni. Mguu wa kushoto haumtii tangu alipopata kiharusi. Nikamshika kwapani, nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, nikaanguka na mimi. Tukakaa kwenye sakafu yenye maji, mtu na mama yake, dakika arobaini, mpaka jirani aliporudi kutoka kazini. Na mama ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Akasema angalau leo tumepumzika.

Kesho yake mdogo wangu akaja na gari. Safari ya saa saba, hakunywa hata maji. Alisema, dada, wewe mwenyewe unahitaji wa kukuinua. Mbele ya mama! Baadaye akalainika. Siku nitakayoweza kumtoa mama kitandani na kumweka kwenye kiti, peke yangu, niende nimchukue. Hatasema neno. Alisema hivyo huku anakunja nguo za mama, kisha akaondoka naye.

Nimejiapiza: sikanyagi kwake mpaka niweze. Sitaki kukaa pale sebuleni kama mgeni wa mama yangu mwenyewe.

Vyumba viwili na mtu mmoja. Bado nachemsha chai ya vikombe viwili.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu leo. Niliinama kushika chuma, macho yakaingia giza. Mwalimu akanikalisha juu ya benchi akauliza nimekula nini. Chai ya rangi. Na jana? Tango na chai ya rangi. Akaja juu: unajenga nyumba huku unauza matofali? Mayai, maharage, samaki, kila mlo, na mwili upungue taratibu. Nilidhani nikijinyima nitafika haraka. Nimekula mayai matatu nikiwa nimesimama jikoni. Nimelia kidogo, sijui kwa nini. Labda ni njaa tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mizani inasema tisini na saba. Karibu wiki nne, nusu kilo! Nilitaka kuitupa dirishani.

Nikafanya ninachokijua. Nikavuta tepu. Kiuno kilikuwa inchi arobaini na nne, leo arobaini na mbili kasoro kidogo. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, tepu haijawahi kunidanganya. Nimejiandika mbele pamoja na wateja. Jina la mteja: mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Kilo arobaini kutoka sakafuni! Nikageuka nimwambie mtu. Kila mtu alikuwa na nyaya masikioni.

Nikapiga simu kwa mdogo wangu. Akapokea wifi. Mama amelala. Saa kumi jioni? Amelala, wifi. Baadaye mama akapiga mwenyewe. Sauti ndogo. Unakula, mama? Nakula mwanangu, hamu tu ndiyo haipo. Wanakutunza? Wananitunza mpaka naona haya, kosa lao ni kwamba nyumba yao haina kelele. Amezoea kulala mchana huku cherehani inanguruma chumba cha pili. Basi nikaweka simu karibu na mashine, nikashona pindo la sketi nzima. Nilipomaliza akauliza: utakuja lini?

Nikiweza, mama.

Akasema, uweze nini?

Jumapili, 27 Aprili

Mwalimu anasema chuma hakina mikono. Mtu anajikunja, anateleza, anakukaba shingo. Nifanyie mazoezi kitu kilicholegea.

Kwa hiyo nimemshona mama. Kweli! Nimefungua ukurasa wake, kifua arobaini, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na nne. Nikakata turubai. Siku mbili za kushona. Ndani vipande vya nguo na vifuko vya mchanga, nimevipima kimoja kimoja kwa muuza nafaka mpaka sitini na nne kamili. Muuza nafaka akauliza ninapika nini. Kichwa ni mto. Nimemwita Bibi.

Nikamlaza kitandani kwa mama. Nikachuchumaa, nikamkumbatia, nikavuta. Hakusogea hata kidogo! Nikakaa pembeni yake.

Samahani mama, nikasema. Kwa gunia.

Jumanne, 13 Mei

Bibi amevaa gauni la mama ili nizoee kitambaa kinavyoteleza. Namweka kwenye kiti karibu na dirisha nikiwa nashona. Leo jirani amepita: Shikamoo mama! Umerudi lini? Bibi kimya. Shikamoo! Bibi kimya. Jirani akaingia ndani ameshikwa na wasiwasi, akiuliza mama amemkasirikia nini, yeye si ndiye aliyemtoa bafuni? Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naye alicheka, halafu akaniangalia vibaya kidogo, akasema ana mboga jikoni.

Alipoondoka nikaendelea kucheka peke yangu. Haikuwa tena kucheka.

Mama hapigi simu wiki hii. Wifi anasema amechoka.

Jumamosi, 7 Juni

NIMEWEZA! Kitandani mpaka kitini, kitini mpaka kitandani. Mara tatu! Miguu wazi, mgongo ulionyooka, pumzi ndani, simama. Jimu nimefika kilo sabini. Mwalimu alipiga kofi moja tu, kwake hiyo ni sherehe. Mizani inasema tisini na moja. Sketi yangu nimeikaza kwa pini.

Nikampigia mdogo wangu palepale. Nakuja Jumapili ijayo. Akasema: haya, dada. Halafu: ukifika tuongee kwanza. Nikasema tutaongea nikishamwinua. Nimengoja miezi mitano, bwana, asinipunguzie utamu.

Nimemkatia mama gauni la kurudia nyumbani. Bluu, mikono mirefu. Vipimo viko ukurasani.

Jumapili, 15 Juni

Naandika hapa sebuleni kwao. Mchana.

Nilifika, sikukaa. Mdogo wangu alisema dada, ngoja. Nikasema neno lako lilikuwa lipi? Nikaingia chumbani. Mama alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, akatabasamu, akanyoosha mikono yake yote miwili kama mtoto. Nikachuchumaa. Miguu wazi. Mgongo. Pumzi. Nikasimama kwa nguvu zote za kilo sitini na nne.

Nilimrusha! Nilirudi nyuma hatua tatu, mgongo ukagonga kabati, mama juu kifuani kwangu. Hakuna uzito. Nguo tu na mifupa, na nywele zake kwenye shavu langu. Akacheka. Taratibu mwanangu, unataka nipae?

Nikamweka kitini. Nikageuka kumtafuta mdogo wangu, uso wangu bado una ushindi, nauhisi. Yeye hakuwa anamtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi, ananingoja nielewe. Wifi kasimama nyuma yake. Akasema kwa upole kabisa, wala si kwa kunichoma: siku hizi hata mimi namwinua, wifi.

Wifi! Ambaye ndoo ya maji anaibeba kwa mikono miwili.

Nikamvalisha gauni la bluu. Bega likashuka mpaka katikati ya mkono. Nikatoa tepu. Mama akainua mikono kidogo, kama alivyozoea kunisaidia. Kifua thelathini na moja. Kiuno ishirini na sita. Nikapima tena. Tepu haidanganyi. Nimeandika ukurasani pake, chini ya vipimo vya zamani, na tarehe. Wiki saba nilikuwa namkumbatia Bibi, na huyu yuko hapa anapungua, anauliza utakuja lini. Uweze nini, aliniuliza! Aliuliza waziwazi na mimi nikaona ni swali la mzee.

Mdogo wangu amesema neno lake ni neno. Nimchukue. Lakini daktari ana wasiwasi na saa saba za barabarani. Sasa mdogo wangu yuko nje anampigia daktari. Namwona dirishani, anazunguka gari, anapiga teke tairi polepole. Sina hasira naye. Ningependa kuwa nayo, ingenishika mkono.

Mama aliniuliza, tunaondoka leo? Nikasema nipe muda kidogo, napunguza gauni. Nimefumua pande zote mbili, nashona kwa mkono, mshono mdogomdogo. Inchi nne na nusu kila upande. Kitambaa kilichobaki kingetosha kumvalisha mtoto.

Mdogo wangu ameshusha simu. Bado yuko nje, hajaingia.

Mama anaita. Anataka chooni. Wifi ameinuka, akanitazama, akakaa tena. Naweka sindano —