Pale Nilipochoka

Amisi, ndugu yangu,

Umekuwa mtu mkubwa. Nakuambia mapema ili usishtuke ukisikia kwa wengine. Kikundi chetu, Kutu, kilichothubutu kupiga roki katika mji uliotaka rumba na kwaya tu, sasa kinapigwa redioni kila Jumamosi mchana. Kuna mtangazaji mmoja, anavaa miwani ya jua ndani ya studio, anasema tulikuwa "mbele ya wakati wetu." Wakati wenyewe anaujua wapi? Vita vilipoufunga mji na treni ikakoma kuja, yeye alikuwa bado ananyonya.

Wimbo anaoupenda ni "Chumvi." Juzi alitumia kipindi kizima kueleza kwamba chumvi ni uhuru wa taifa. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Amisi, wewe na mimi tunajua chumvi ilikuwa chumvi. Tulikula sombe bila chumvi miezi na miezi, mpaka siku moja ukaiacha sahani, ukachomoa nyuzi za waya wa breki, ukazifunga kwenye gitaa lako la ubao na kuanza kupiga makelele. Uhuru wa taifa! Yalikuwa majani ya muhogo yasiyo na ladha.

Jirani yenu wa mtaa wa Mikelenge naye amejitokeza, yule aliyetumwagia maji ya vyombo tukiwa mazoezini. Amekwenda redioni kusema yeye ndiye aliyetutia moyo. Hakusema kwa maji gani. Nilimpigia simu Selemani, mpiga pipa wetu, anayechimba madini ya kasiteriti huko Kalima siku hizi, nikamsimulia. Alitukana kwa muda mrefu, na vizuri sana.

Lakini dharau kubwa zaidi naiweka kwangu mwenyewe. Kaseti ni mimi niliyewapa. Ile moja tu, tuliyorekodi wiki chache kabla homa haijakuchukua, mjini hamna hata kidonge. Nilikaa nayo miaka yote hii, nimeifunga kitambaani pamoja na mashine yake, sikuthubutu kuicheza. Akaja yule wa miwani, akanisifu kidogo, nikampa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Waliinakili, wakanirudishia.

Siku walipoicheza mara ya kwanza nilikwenda kusikiliza kwa mama yako. Nilitaka anione mtu wa maana, tuseme ukweli. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka ubeti wa mwisho. Pale unaposema "Mama, onja tena," sauti yako ikaanza kupanda, nyembamba, mbio mbio, kama ya kifaranga. Mtangazaji akasema hapo ndipo penye ustadi wote. Mama yako aliizima redio kwa mkono wake. Akasema, "Ule haiko mutoto wangu." Kisha akaingia ndani.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Maana ule ustadi naujua, Amisi. Ni mimi. Ninyi mlipiga muziki, mimi nilipiga pedali, dinamo ya baiskeli ikilisha spika na mashine ya kurekodi. Mkaniita Mashine. "Mashine, ongeza!" ulikuwa ukinifokea katikati ya wimbo. Siku ile ya kurekodi ubeti wa mwisho ulinikuta na njaa ya tangu jana yake, miguu ikagoma, mkanda ukajikokota. Na mkanda uliorekodiwa polepole, ukiucheza kwa umeme mzuri wa redio, lazima ukimbie. Sauti yako haikuwa na kosa lolote. Wanachokisifu ni njaa yangu.

Basi nikaitoa mashine yetu, fundi akaisafisha, nikafunga dinamo kwenye baiskeli yangu na kuisimamisha, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Nilidhani ni rahisi: nikipunguza mwendo pale pale, kwa kiasi kile kile, sauti itarudi mahali pake. Tumbo langu la leo halikukubali. Nilichoka kwenye ubeti wa kwanza, wimbo ukanguruma kama fahali. Nilifanya mazoezi uani kila alasiri, karibu wiki mbili, watoto wa mtaa wakinizomea. Ungenidharau sana, na ungekuwa na haki.

Jana nilivipeleka vyote kwa mama yako. Alivuta kigoda karibu, hakunisalimia vizuri. Nikapiga pedali. Ulipofika "Mama, onja tena" nikailegeza miguu, taratibu, taratibu, na wewe ukatoka, Amisi. Sauti nzito, ya puani kidogo, yenye ule mkwaruzo wako. Mama yako aliinama mpaka sikio likakaribia spika.

"Njo yeye," akasema, akikubali kwa kichwa. "Huyu sasa njo yeye."

Nililia huku napiga pedali. Sikuweza kuacha, wimbo ungekatika.

Redioni sitawaambia neno. Wabaki na kifaranga chao. Mama yako ameniagiza niende kwake kila Jumamosi, saa ya kipindi chao, na redio yake itakuwa imezimwa.

Kwa heri, ndugu yangu. Pumzika, Mashine wako bado yuko kazini. Miguu inazeeka, lakini nakuahidi: ubeti wa mwisho ukifika, nitachoka pale pale.