Siku Mama Alipojifungia na Liisi

Mäeotsa,
Haanja.
21 Januari, 1996

Mpendwa dada Urve,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako jua linachungulia dirishani kidogo tu, kisha linakwenda zake. Hujambo wewe? Ralf na watoto hawajambo? Na mama mdogo Aliide, magoti yake yamepata nafuu sasa mkiwa kwenye kiangazi chenu? Huwa nakufikiria ukitembea peku kwenye majani huko Melbourne, mimi huku nimevaa soksi mbili za sufu, moja juu ya nyingine, na bado vidole vinauma.

Najua mama mdogo alisikia habari nusunusu kwenye simu, kisha laini ikakatika. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Ila nakuomba jambo moja: usimsomee barua hii kabla hujaimaliza mwenyewe. Wewe unajua moyo wake ulivyo.

Tangu tulipomzika kaka Tanel mwezi wa kumi, mama yangu, yaani mama mkubwa wako, aliifunga nyumba hii, dada. Milango ilikuwa ikifunguliwa, lakini nyumba ilikuwa imefungwa. Redio aliifunika kitambaa. Mishumaa akaikataza. Nyota ya karatasi tuliyozoea kuitundika dirishani haikutundikwa, na Krismasi ikapita kama Jumanne yoyote. Tulikula viazi na kabichi, tukalala. "Mwaka ukiisha ndipo tutakula vitamu," alisema mama, na hakuna aliyembishia. Mti ulimwangukia mwanawe msituni. Nani angethubutu kumwambia habari za biskuti?

Aliyethubutu ni wifi yangu Kertu, mjane wa Tanel. Humjui vizuri, mlionana mara moja tu ulipokuja. Ni fundi cherehani wa Tartu, mwembamba, mwenye mikono isiyojua kupumzika. Baada ya mwaka mpya aliniambia tukiwa ghalani tunachota kuni, "Wifi, Liisi wangu amesahau kucheka. Ana miaka mitano na anatembea kwa ncha za vidole kama yuko hospitali. Nitaitia rangi nyumba hii, hata kama mama atanifukuza."

Na akaanza. Alikata nyota za karatasi, akazibandika kwenye vioo vya jikoni. Akaunganisha mabua kwa uzi mwekundu, yakawa taji la kuning'inia juu ya meza, linalozunguka lenyewe mvuke wa chai ukipanda. Akashona pazia kutoka sketi zake kuukuu, za milia ya njano na kijani. Mama alikuwa akipita chini ya taji lile akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba ni utando wa buibui. Kila asubuhi tulizikuta nyota ndani ya kikapu cha vijiti vya kuwashia moto, na kila mchana Kertu alikata nyingine. Nami nilikuwa katikati yao kama nguzo ya ua kati ya mashamba mawili, nachapwa na upepo wa pande zote.

Basi ikafika Alhamisi iliyopita. Theluji ilikuwa imeanguka tangu usiku na barabara ya kwenda Võru haikuonekana. Kertu alisema, "Leo naoka." Alikanda unga na asali, akatia mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi, na harufu ile, dada, nakwambia ilinitoa machozi. Liisi alipanda kwenye kigoda, akakata biskuti kwa kikombe kidogo cha bati, akizipa majina: huyu ng'ombe, huyu shangazi Helve, huyu baba. Zote zilikuwa duara.

Biskuti zikiwa tanurini, Kertu aliketi kufuma. Alikuwa anamfumia mtoto glavu. Sikuangalia uzi ule vizuri mpaka mama alipoingia kutoka chumba chake cha nyuma na kusimama ghafla mlangoni. Juu ya mgongo wa kiti palikuwa na sweta ya kijivu ya Tanel, ile aliyokuwa akivaa msituni, iliyotoboka viwiko. Mkono mmoja haukuwepo tena. Ulikuwa umefumuliwa, umekuwa donge la uzi mapajani mwa Kertu.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema polepole, "Umemfumua mwanangu."

"Mama, hii ni sufu," Kertu akajibu. Sindano hakuziweka chini. "Tanel yuko makaburini. Mwanawe yuko hapa, na mikono yake ina baridi."

"Huko kwenu Tartu mnavaa marehemu?"

"Huko kwetu Tartu tunawavisha walio hai."

Nikasema, "Jamani, mtoto anasikia." Hawakunisikia. Mama aliichukua sweta, akaikumbatia, na uzi ukakatika kati yao. Hapo Kertu akasimama. "Basi, mama. Barabara ikisafishwa, kesho mimi na mwanangu tunakwenda. Nyumba hii itabaki na maiti wake." Neno hilo aliona mwenyewe limezidi, nilimwona akifumba macho. Lakini lilikuwa limeshatoka. Mama aligeuka, akaenda zake chumbani kwake.

Chumba kile unakikumbuka, ndicho ulicholala ulipotutembelea, chenye tanuri lake la matofali na bomba lake la moshi. Mama alikuwa ameongeza kuni za mbetula muda si mrefu kabla ya ugomvi.

Kertu aliziepua biskuti, nyingine zimeungua kingo. Liisi akachagua tatu nzuri, akaziweka kwenye kisahani, akatuuliza kwa kunong'ona, "Nimpelekee bibi?" Mimi nikasema, "Mpelekee, mwanangu." Tukamsikia akibisha, mlango ukafunguka, kisha ukafungwa. Halafu tukasikia komeo.

Kertu aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Amemfungia mwanangu!" Akaenda kugonga. "Mama, fungua!" Kutoka ndani mama akajibu, "Mwache akae kidogo na mimi. Kesho si unamchukua?" Tukamsikia Liisi akiimba wimbo wake wa sungura. Nikamshika wifi mkono, nikamrudisha. Nikamwambia awaache kidogo, mtoto hutengeneza wasichoweza kutengeneza watu wazima. Akaketi, akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akaanza kuufunga uzi uliokatika kwa fundo.

Wimbo uliendelea. Kisha haukuendelea. Nilifikiri mtoto amelala, maana ni saa yake ya kulala. Kertu akafuma mistari kadhaa, akazisimamisha sindano. "Mbona hata mama hakohoi?" Unajua kifua cha mama, hawezi kukaa bila kukohoa. Akaenda mlangoni tena. Mara hii aliita kwa upole, "Liisi, njoo ujaribu glavu." Kimya. "Mama?" Kimya. Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi. "Mama, nimekosa, nisamehe, ila jibu tu!"

Mimi nilitoka nje nikachungulie dirishani. Theluji ilinifika magotini. Pazia la mama lilikuwa limefungwa. Nikainua macho juu ya paa. Bomba la jikoni lilikuwa likitoa moshi mzito. Bomba la chumba cha mama halikuwa likitoa kitu, hata ule mtetemo wa hewa ya moto haukuwepo. Kuni za mbetula haziishi haraka hivyo. Alikuwa ameliziba bomba kwa kile kibati cha kuhifadhi joto, na makaa bado yanawaka ndani.

Sisi wote wa milima hii tumekua tukiambiwa: usizibe bomba mpaka ndimi za buluu zitoweke kwenye makaa. Mama ndiye aliyetufundisha, mimi na Tanel, akitupiga vidole kwa kijiko. Hewa ile ya makaa haina harufu wala rangi. Inakulaza tu.

Nilipiga yowe, "Kertu! Makaa!" Hakuuliza. Alitoka bila koti, akalinyakua sepetu la kuondolea theluji lililokuwa limeegemea ukuta, akakivunja kioo cha dirisha kwa pigo moja, la pili likapanua tundu. Nikamwambia, "Subiri hewa itoke!" Hakusubiri. Aliingia kupitia vioo vile vilivyosimama kama meno, na nikasikia akikohoa, akiburuta kitu, kisha komeo likalia.

Nilizunguka mbio kupitia jikoni. Alikuwa anakuja kwa magoti akimburuta Liisi kwa mabega. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa mtoto aliyetoka kucheza. Hiyo ndiyo rangi yake sumu ile, dada. Nikambeba nikamtoa nje, nikamlaza kwenye theluji juu ya aproni yangu. Nilipogeuka, Kertu hakuwepo. Alikuwa amerudi ndani. Nilisikia akisema kwa sauti ya ukali, kama anamgombeza mtu aliyechelewa, "Amka, mama. Amka, mzito wewe! Unadhani nitakuacha hapa watu waseme nimekuua?" Tukamvuta pamoja, mimi miguu, yeye kwapa. Kofia ya mama ikabaki kizingitini.

Simu ilikuwa hai, namshukuru Mungu. Mtu wa gari la wagonjwa alisema wanafuata nyuma ya trekta la kusafisha barabara, tusiwaache walale. Tusiwaache walale! Liisi hata hakuwa ameamka. Kertu alimpiga mashavuni, akampulizia hewa mdomoni, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Damu ilikuwa inamchuruzika mkononi kutoka kwenye vioo, inaanguka kwenye theluji, na yeye haioni. Nami nilikuwa nimempakata mama, namkanda kifua, nikimwambia maneno nisiyoyakumbuka.

Mtoto akatapika. Sijawahi kufurahia matapishi, dada, lakini siku ile ningeyabusu. Akalia kidogo, kilio chembamba, akasema kichwa kinauma. Mama alikawia. Trekta lilipoonekana kwenye kona ya birika la kunyweshea ng'ombe ndipo alipofumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto?"

"Yuko hapa," Kertu akamwambia.

"Mikono yake ilikuwa ya baridi," mama akasema. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Nikasema nizibe mapema, joto lisitoke. Mikono yake ilikuwa ya baridi sana."

Kertu alimfunika kwa koti nililomtupia yeye, akabaki na sweta yake tu, anatetemeka.

Hospitali ya Võru waliwapa oksijeni, wakawalaza. Liisi alitoka mapema, anakula na kuuliza maswali kama kawaida yake, daktari anasema hana alama yoyote. Mama walimbakiza zaidi kwa ajili ya moyo. Kertu alishonwa mkono, na kwa ukaidi wake akamwambia daktari mshono wake umepinda, angeupiga vizuri zaidi mwenyewe. Unaona sasa ni mtu wa namna gani.

Mama alirudi nyumbani jana. Nilikuwa na hofu kuliko siku ile ya makaa, maana siku ile nilijua la kufanya. Aliketi jikoni, akavua kitambaa cha kichwa. Kertu alikuwa anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Mama akaufungua msuko wake, ule mrefu ambao hata mimi binti yake sijawahi kuruhusiwa kuugusa, ukaanguka mpaka kiunoni.

"Kertu," alisema. "Wewe una mkasi mkali. Nikate nywele."

Kertu alijifuta mkono taratibu. "Nikate mpaka wapi, mama?"

Mama akagusa chini ya sikio. "Hapa. Niliziona hospitalini, wauguzi wote wamekata hivi. Wanapendeza."

Mkono mzima wa Kertu si ule aliozoea kushikia mkasi, kwa hiyo mkasi ulikuwa unacheza. Mama alikuwa amefumba macho. "Ukinikata sikio," akasema, "nitakufuata huko Tartu nikakushtaki."

"Basi itabidi unisubiri hapahapa, mama. Sina nauli ya kukimbia kesi."

Liisi alicheka kwanza. Kisha mimi. Mama alijitazama kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa nje kulikuwa kumeshaingia giza, akageuza shingo huku, akageuza kule, akasema, "Nimekuwa kama mwizi wa kuku." Halafu akaanza kulia, dada, kilio ambacho hakukitoa hata makaburini, na Kertu akakiweka kichwa kile chenye nywele fupi kifuani pake, akasimama hivyo mpaka maji ya vyombo yakapoa.

Leo fundi amekuja kutia kioo na kuling'oa lile tanuri la chumbani. Mama atalala na sisi upande wa jikoni. Kuhusu safari ya Tartu, hakuna aliyeitaja tena, nami siulizi.

Sasa umejua yote. Mwambie mama mdogo kadiri unavyoona moyo wake utabeba, ila mwambie dada yake amekata nywele kama msichana, atafurahi. Nisalimie Ralf, Mihkel na yule mdogo Tiiu ambaye sijamwona. Shangazi Hilja wa kule chini kwenye bonde anakusalimu, na Liisi ametuma busu ambalo limeacha asali kwenye ukingo wa karatasi hii, samahani.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, akupe usingizi wa amani na asubuhi ya kuamka.

Wako nikupendaye daima,
Helve