Kikosi cha Marehemu

Mtoni, Jumapili, mwezi wa tano. Mvua tangu alfajiri.

Mvua ya leo haina haraka, inanyesha tu kama mtu aliyekosa kazi nyingine ya kufanya. Uwani pamejaa maji, jiko la mkaa nimeliingiza ukumbini, na kanga nilizofua juzi bado zinanuka ubichi. Mimi mwenyewe sijambo, ikiwa kuwa sijambo maana yake ni kula na kulala. Niko eda. Nje napaona dirishani tu.

Salumu, mume wangu, alirudi kutoka bandarini Jumatano anatetemeka, akasema ni malaria, itapita. Ijumaa tukamzika. Ilikuwa mwezi wa kwanza, joto la kukaanga watu, na yeye alikuwa anaomba blanketi. Nimeshalia kwa ajili ya hilo na nitalia tena, lakini leo nataka kuandika jambo jingine, ambalo mpaka wiki hii sikuwa nimemwambia mtu.

Mume wangu aliendelea kucheza mpira baada ya kufa.

Nieleze, maana nikiisoma peke yake hata mimi najiogopa.

Hatukujaaliwa mtoto. Tulichojaaliwa ni redio ya mawimbi mafupi na ugonjwa wa mpira wa Waingereza. Salumu alikuwa karani wa wakala mmoja wa kutoa mizigo, hao waliochipuka kama uyoga tangu biashara ilipofunguliwa, na mabaharia walimpa magazeti yao ya michezo yaliyokwisha kusomwa. Kila mwezi wa nane, ligi yao ikikaribia kuanza, tulikaa mkekani gazeti likiwa katikati tukachagua wachezaji kwa zamu, yeye mmoja, mimi mmoja, kutoka timu yoyote, mpaka kila mtu akawa na kumi na mmoja wake. Mchezaji wako akifunga bao, unachora mstari wa mkaa ukutani, stoo, nyuma ya mlango. Kulia ni kwake, kushoto ni kwangu. Mechi zenyewe hatukuziona, isipokuwa mbili tatu kwa jirani mwenye video, tena za zamani. Tulizisikia redioni. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawabatiza upya. Kulikuwa na Twiga, mrefu wa kupiga vichwa. Kulikuwa na Bwana Harusi, ambaye katika picha zote nywele zake hazijawahi kuvurugika. Na kulikuwa na Kibuyu, ambaye nilisema siku zote kwamba yule hakimbii, anabingirika.

Mshindi wa msimu aliitwa Meneja mwaka mzima, na aliyeshindwa alilazimika kumwita hivyo hata mbele ya wageni. Ndoa yetu yote mimi nilimwita yeye Meneja. Alisema nachagua wachezaji kwa sura. Ni kweli, nilikuwa nachagua kwa sura.

Alipofariki, mama yake, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alisema nyumba ya msiba haina redio. Ana haki. Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya wageni kuondoka niliiingiza redio chini ya mto, nikajifunika kanga gubigubi, nikaiwasha kwa sauti ya mbu. Sikutaka mpira. Nilitaka sauti aliyokuwa akiisikiliza yeye.

Twiga alifunga mawili siku ile. Twiga alikuwa wa Salumu.

Nililia mpaka nikapaliwa. Kisha nikaingia stoo, nikachukua kipande cha mkaa, nikamchorea mistari yake miwili. Ningefanyaje? Ni mabao yake.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Basi la Salumu lilikuwepo kila Jumamosi jioni, tena lilinizidi langu. Alikuwa kaburini Temeke na bado ananifunga. Kuna wiki nilikasirika kabisa, nikamsema kwa sauti pale stoo, kwamba hata huko haniachi. Nadhani zile ndizo dakika pekee tangu msiba ambazo nilijisikia kuwa mke wa mtu.

Mwezi wa tatu Twiga akavunjika mguu. Sheria yetu iliruhusu kubadilisha mchezaji aliyeumia, lakini anayebadilisha ni mwenye kikosi. Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Nikimwacha na watu kumi, namdhulumu marehemu. Nikimchagulia mtu, nacheza na nafsi yangu. Mwisho nilimpa Kibuyu, kwa sababu najua angemchukua Kibuyu, tena kwa makusudi, ili aniudhi.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu ya eda. Mtu wa nje angeona mjane mtulivu.

Alhamisi iliyopita mama mkwe aliingia stoo kuchota mkaa, akausukuma mlango, akaona ukuta. Hakuniambia kitu. Usiku aliniandalia chakula akakiweka mbali nami, na salamu yangu ya asubuhi aliijibu akiwa ananipa kisogo. Nilidhani ni uchungu wa mwanawe umempanda tena, ingawa uchungu wake sijawahi kuuona. Huyu mama hakulia. Wakati wa kuosha hakulia, jeneza lilipotoka hakulia, na wanawake wa khitma walinong'ona maneno ambayo siyaandiki.

Ijumaa baada ya sala akaja Hamisi, kaka yake Salumu. Aliketi ukumbini, mimi chumbani nyuma ya pazia, mama mkwe katikati yetu kwenye kigoda.

"Shemeji," alisema, "mama kaona hesabu zako huko stoo. Kama siku zinakuchosha, sema tu. Hakuna aliyekufunga kamba. Eda ikiisha tutakurudisha kwenu Lindi kwa heshima, na kila mtu ashike njia yake."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Walidhani nahesabu siku za eda. Mistari mitano mitano ya mkaa, imefichwa nyuma ya mlango, kama mfungwa anayengoja kutoka. Na mjane anayezihesabu siku, huku kwetu, anajulikana anangoja nini. Kuna mwanaume mahali.

Mimi, nimfanyie hivyo Salumu.

Kurudi Lindi si kitu, Lindi ni kwetu. Lakini kurudi na jina hilo, mama yake Salumu akiamini kwamba mwanawe hajaoza na mimi nimeshachungulia dirishani, hilo nisingeliweza. Ikabidi niseme. Na maneno yaliyokuwa yananisubiri mdomoni yalikuwa ya kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuyatamka.

"Si siku," nikasema. "Ni mabao."

Kigoda kikalia.

"Mabao gani, shemeji?"

"Ya Uingereza."

Nikaeleza yote, magazeti, mkeka, kulia ni kwake, kushoto ni kwangu. Nilikuwa nalia na kueleza kona kwa wakati mmoja. Mama mkwe ndiye aliyenikatisha.

"Ya kulia mbona mingine mipya? Mwanangu kafa mwezi wa kwanza."

"Anaendelea kufunga, mama. Wachezaji wake hawajui kama amekufa."

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa gizani, "Kwa hiyo ulipokuwa ukimwita Meneja..."

"Ndiyo, mama. Alikuwa amenishinda."

"Nami nimewaambia watu mtaa mzima kwamba mwanangu kapewa umeneja bandarini."

Hamisi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi nyuma ya pazia niliuma kanga. Mungu anisamehe, nilicheka, siku ya Ijumaa, ndani ya eda. Mama mkwe hakucheka. Alimwambia mwanawe maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nife.

"Nenda zako, Hamisi. Mwache. Anacheza na mumewe."

Jana ilikuwa siku ya mechi za mwisho. Waingereza wamesogeza saa zao, kwa hiyo mpira unaanza saa kumi na moja jioni badala ya kumi na mbili. Kabla ya jana Salumu alikuwa akiniongoza kwa bao moja. Nilikuwa nimeshajilaza, redio chini ya mto, mama mkwe akaingia na mkeka wake, akafunga mlango, akaketi.

"Itoe huko. Iweke hapa. Ndogondogo."

Hajui Kiingereza hata neno. Kila mtangazaji alipopandisha sauti aliuliza, "Huyo wetu?" Mara nyingi nilisema hapana, si wa mtu yeyote, na akaonekana kumhurumia mchezaji huyo. Bwana Harusi wangu alipofunga la kwanza, tukawa sawa, akasonya. "Huyo naye ana kiherehere." Kibuyu alipiga mwamba. Nilimweleza mwamba ni nini, akashika kichwa, akasema, "Wangemsogezea kidogo." Nilitamani Salumu aione sura ile. Kipindi cha pili Kibuyu akatolewa, na dakika za mwisho mvua ikaifanya redio ikoroge sauti, na katika mkorogo huo nikasikia penati, nikasikia jina la Bwana Harusi, nikasikia watu wakipiga kelele.

Ningeweza kumdanganya. Asingejua kamwe. Lakini Salumu alikuwa hapendi kuachiwa, hata kwenye karata.

"Nimemfunga, mama," nikasema. "Kwa bao moja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima anayekubali matokeo. "Haya. Jumamosi ijayo atarudisha."

"Hakuna Jumamosi ijayo, mama. Ligi imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Wanapumzika mpaka mwezi wa nane. Halafu watu wanachagua upya."

Aliitazama redio. Walikuwa wanasoma matokeo, mji baada ya mji, yule mtu wa redioni na sauti yake isiyojali.

"Kwa hiyo mwanangu hachezi tena," alisema.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akijipiga mapajani, kilio cha mwezi wa kwanza kilichotoka mwezi wa tano. Alimwita Salumu kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Majirani walikuja mlangoni wakidhani kuna msiba mwingine. Adhana ya isha ikaanza na kuisha, mimi nimemshika, hakuna aliyeinuka.

Miaka yote ya ndoa nilikuwa nautaka ushindi huu. Sasa ninao, na sijui niuweke wapi. Kumbe mimi pia nilikuwa sijamzika. Nilikuwa namzika nusu nusu, na kila Jumamosi namtoa. Hasira niliyo nayo leo si kwa Mungu wala kwa malaria, ni kwa Waingereza, waliomaliza ligi yao bila kuuliza kama kuna mtu Mtoni bado anaihitaji.

Mama mkwe amelala mpaka saa nne leo, yeye asiyepitwa na alfajiri. Nimempelekea uji, ameunywa, amenishika mkono. Nimetoka hapo nikaenda stoo. Mistari ya Salumu iko pale, yangu iko pale, inalingana sawasawa. Bao langu la mwisho sijalichora. Mkaa nilikuwa nao mkononi.

Nikilichora, ndiyo tumemaliza.

Labda kesho.