Siku ya Kumi na Mbili Bila Kung'ata Alizeti

Alhamisi. Upepo wa hapa Unyambwa umeamka kabla yangu na tayari umegombana na bati la jirani. Baridi ipo. Lakini nimeamka vizuri. Shavu la kulia limerudi kulingana na la kushoto, na asubuhi nimecheka kitu redioni bila kushika taya.

Ni siku ya kumi na mbili tangu daktari wa meno kule Dodoma anifungie skrubu kwenye mfupa wa taya, chini kulia, pale jino langu lilipokuwa. Jino jipya bado. Kwanza mfupa uishike skrubu, miezi mitatu minne hivi, ndipo jino liwekwe juu yake. Nyuzi zilitolewa juzi. Masharti ni kusukutua kwa maji ya chumvi (nilitaka kumwambia kwamba kisima chetu kinayatoa yakiwa yameshatiwa chumvi), kula vitu laini, na upande ule nising'ate chochote kigumu. Skrubu ikicheza kabla haijashikwa, tunaanza upya.

Kula laini si shida, mlenda upo. Shida ni wanaokuja kunipa pole. Kila mmoja analeta kuku. Kuku wa kwetu aliyekimbia maisha yake yote si chakula cha mtu aliyetoka kushonwa mdomo. Ninao watano uani. Wananitazama nikinywa uji, na nadhani wanajua.

Shida kubwa ni kazi.

Mimi nanunua alizeti kwa wakulima na kuipeleka kwenye mashine ya kukamua mafuta. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kung'ata. Punje kavu inapasuka kwa mlio. Mbichi inakunjika, kimya. Gunia moja bichi likiingia stoo linapata joto, linaota ukungu, na majirani zake wanafuata. Kwa hiyo watu wananiamini kwa meno, na lile jino la kulia ndilo lililokuwa bosi, mpaka lilipokutana na kokoto iliyofanana sana na alizeti. Kushoto nilishang'oa zamani, enzi zile za kung'oa kwanza na kufikiri baadaye. Ya mbele hayafai, yanakata kila kitu bila kusikiliza.

Naomba niungame. Tangu nirudi kazini nimekuwa nikiigiza. Nachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje za katikati, nazimimina kiganjani, nafumba macho kama mtu anayesali, kisha natoa hukumu. Jumatatu nilikataa gunia la mama mmoja kwa sababu tu nilikuwa nimekubali mawili mfululizo.

Leo akaja Yona, mume wa mdogo wangu Vero. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, magunia manne, na Vero mwenyewe amekaa juu ya magunia.

"Shikamoo shemeji yangu! Umeamkaje? Taya linaendeleaje? Yule kuku umeshamla?"

"Marahaba. Kuku hajambo."

Salamu ndefu namna ile huwa zinasafiri na mzigo mbichi. Nikachoma bambo, nikafumba macho. Yona akanitazama.

"Shemeji, mbona hung'ati? Au mzigo wa ndugu haung'atwi?"

Foleni yote ya wakulima ikageuka. Nikatia punje mdomoni, upande wa kulia. Ulimi ukakigusa kifuniko kidogo cha chuma juu ya skrubu. Nikaona barabara nzima ya Dodoma, kwenda na kurudi, na kile kiti cha daktari kinacholala chenyewe.

Nikaitoa.

"Nimekatazwa," nikasema. "Nina skrubu mdomoni. Sijang'ata punje hata moja tangu nirudi."

Sauti ikatoka nyuma, yule mama wa Jumatatu: "Kwa hiyo langu ulilikataa kwa kutumia nini?"

Nikatazama bambo mkononi.

Nilidhani ndiyo mwisho wangu, kwamba foleni itahamia kwa mnunuzi mwingine kule njia ya Sepuka. Vero akashuka kwenye mkokoteni. "Lete hapa, dada." Akachukua punje ya mume wake, akaing'ata mbele ya watu wote.

Haikulia.

"Yona," akasema taratibu, "si nilikwambia Jumapili? Geuza ng'ombe."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakasogea wenyewe. Yona akashika kamba. "Sikuoa mke mimi," akasema, "nimeoa mahakama." Akaenda kuanika.

Vero akabaki. Aling'ata mpaka saa tisa, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake nasikiliza. Punje ya gunia la yule mama, lilelile la Jumatatu, ilipasuka *ka*, mlio safi. Nikamwomba radhi na kulichukua. Akanijibu kwamba hanidai kitu, ila nikipona nianze upya kama mwanafunzi. Hakuna mtu aliyeondoka.

Jioni Vero alilalamika kwamba taya limechoka. Nikampa kuku wawili, mmoja wao ni yule aliyeniletea yeye mwenyewe. Akamtambua, akamfunga miguu.

Sasa nimesukutua na kula mlenda wangu. Kidonda hakiumi, kinawasha kidogo tu, na daktari alisema muwasho ndio kupona. Kuna kitu nimegundua leo: mlio wa punje unasikika vizuri zaidi ukitoka mdomoni kwa mtu mwingine. Miaka yote hiyo nilikuwa nauzibia masikio kwa taya langu mwenyewe.

Siku jino likija, nitamwambia Vero siku hiyohiyo? Au nitaendelea kulishika shavu kidogo, ili azidi kuning'atia?