Gerald Amegoma, Kirimi

Kirimi wewe,

Sikuandikii kukulilia. Nilishalia, tena mbele za watu, mpaka jirani akanipa leso yake na hakutaka nimrudishie. Leo nakuandikia kwa sababu nina hasira, na mtu niliyezoea kumpelekea hasira zangu ni wewe, na wewe umeamua kufa katikati ya mabishano. Nani hufanya hivyo? Jumamosi umekaa dukani kwangu Nkubu, umeegemea cherehani yangu bila ruhusa, unaniambia eti mwimbaji wa kwanza wa ile bendi ya roki, Iron Sparrows, anaimba kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nikasema ngoja, wiki ijayo nitakujibu vizuri. Jumanne unaanguka shambani ukikata majani ya nepia ya ng'ombe, moyo umesimama, basi. Jibu langu lilikuwa zuri sana, Kirimi. Nilikuwa nimeliandaa.

Lakini hilo baadaye. Kwanza nikwambie walichokufanyia siku ya kukuzika, kwa maana wewe ulikuwa umelala tu hapo mbele na hukusema kitu, na si kawaida yako.

Wasifu wako aliuandika ndugu yako Mutwiri. Alikuja kutoka Nairobi na suti yake na misimamo yake. Nimesimama chini ya hema nasikia, "Marehemu alipenda sana nyimbo za kwaya." Kwaya! Haki ya Mungu nilitaka kuinua mkono niulize swali. Wewe kwaya uliingia mara moja, mimi ndiye niliyekupeleka, na mwalimu akakufukuza siku hiyo hiyo kwa kupiga solo ya gitaa kwa mdomo katikati ya wimbo wa sadaka. Mimi naimba kwaya mpaka leo, sauti ya pili, na pia ni Shomoro, shabiki wa Sparrows kama wewe, na Mungu hajawahi kunilalamikia. Kwa hivyo sina neno na kwaya. Nina neno na uongo.

Miaka yote ile ya chama chetu, Shomoro wa Nkubu, hawakuitaja hata kwa mstari mmoja. Hawakutaja jaketi lenye nyuzinyuzi mikononi nililokushonea, ambalo ndilo lililokuleta dukani mara ya kwanza, ukiwa na picha ya mwimbaji wako, yule wa pili, umeikunja mfukoni, na mimi nikakwambia nitakushonea lakini huyo si mwimbaji. Hawakutaja Siku ya Shomoro, tunapita sokoni na nywele za katani kichwani, wewe mbele umeshika jembe kama gitaa, umepiga magoti kwenye maganda ya ndizi, na akina mama wa soko wanatupigia vigelegele huku wakisema wazimu wa hawa hauna dawa. Wazungu wenyewe wa Iron Sparrows siku hizi vichwa ni vipara vitupu. Sisi ndio tumebaki tukiwatunzia nywele. Sasa mtu kama huyo unamwandikia wasifu wa kwaya?

Na ile ahadi. Ulituambia wote, tukinywa chai kwa mama yako, kwamba siku ukizikwa tukupigie ule wimbo mrefu, wenye gitaa linaloanza polepole kama manyunyu kwenye mabati, na tusiukate hata kidogo. Tuliahidi. Mwalimu Njue, Shomoro mwenzetu, alitoka Karurumo na ile spika yake kubwa, na unamjua Njue, mtu asiyebeba kitu kizito kuliko chaki. Aliibeba mpaka kwenye lango lenu.

Mutwiri akatukuta pale langoni. "Dada, muda hautoshi." Nikamwambia wimbo ni mfupi kuliko mahubiri. Ndipo akashusha sauti akasema, "Mama amekataa. Hataki kelele hizo kwenye kaburi la mwanawe. Tafadhali msimwongezee uchungu."

Sasa ungesema nini? Mama wa mtu akikataa amekataa. Njue akaiweka spika chini. Akaja mama mmoja wa kupokea wageni akanifunga leso kifuani ili kumfunika yule shomoro mwenye meno aliye kwenye tisheti yangu. Mimi nina wajukuu, Kirimi! Nafunikwa kama msichana aliyevaa nguo fupi. Na ule muda usiotosha ulimtosha MCA, diwani wetu, akasema habari za barabara mpaka kivuli cha hema kikahama, na akakuita Kimathi. Mara mbili. Ukashushwa kaburini bila hata uzi mmoja wa gitaa. Njue alisimama wakati wote ameweka mkono juu ya spika, kama mtu anayeshika mbwa asibweke.

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia mama yako. Nakwambia ukweli. Nilisema, yule mama tuliyekunywa chai yake miaka yote, kumbe alikuwa anatuvumilia tu.

Sasa sikiliza habari za Gerald.

Gerald amegoma. Mutwiri alibaki nyumbani kwenu ili, kwa maneno yake mwenyewe, aweke boma sawa. Akaingia zizini, akaitoa redio yako ya kanda kwenye ule msumari, akaifungia stoo, akatundika simu yake yenye mahubiri. Halafu akakaa chini kumkama. Unajua mwenyewe ulimpa ng'ombe jike jina la mpiga ngoma wa Sparrows kwa sababu gani: mateke. Ndoo ilipaa, Kirimi! Jioni akajaribu tena, Gerald akayazuia maziwa yote juu, chuchu zikawa kavu kama kidole. Akabadilisha mafuta ya kukamia. Akamwongezea chakula cha gunia. Akamkemea kwa jina la Bwana. Wapi! Ndama akawa ndiye peke yake anayepata kitu, na chai ya mama yako ikawa ya rangi.

Ikabidi aitwe daktari wa mifugo. Akampima, akamshika huku na huku, akasema ng'ombe huyu hana ugonjwa. Akauliza, "Nani alikuwa akimkama, na alikuwa akimfanyia nini?" Mutwiri akasema hajui. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni na hiyo chai ya rangi. Akainuka, akaomba simu ya daktari, akanipigia.

"Kagendo, mwanangu, leta ile kelele ya Kirimi."

Nikamuuliza, Mama, ile ile? Akasema, "Ile ile. Ile ndefu."

Nilifunga duka na sare za watu nikaziacha bila vifungo. Njue naye akaja, spika begani. Tulimkuta mama yako zizini, gumbuti miguuni, anamwosha Gerald kiwele kwa maji ya vuguvugu. Mutwiri amesimama kando, amevaa gumbuti zako. Mama yako akaniangalia, akaniuliza polepole tu, bila ugomvi, "Siku ile, kwa nini mlikataa kumpigia wimbo wake? Nilingoja. Mutwiri aliniambia mmeona haya mbele za watu."

Sisi? Tuone haya? Watu wanaovaa katani sokoni?

Nilimgeukia ndugu yako. Hakuniangalia. Alikuwa anaziangalia zile gumbuti. Huyo mtu, Kirimi, alitudanganya sisi kwa kumtumia mama, akamdanganya mama kwa kututumia sisi, wewe ukalala kule chini bila wimbo wako, na mama yako akatuchukia huku nami namchukia, watu wanaopendana! Nilikuwa na maneno ambayo, ningeyatoa, sijui kama ningerudi kwaya Jumapili. Mama yako akaniwahi. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Mutwiri, shika hicho kitu ukiwashe. Wewe mwenyewe."

Akakiwasha.

Manyunyu yakaanza. Gerald akasimamisha masikio. Akatafuna mara moja, akaacha, akageuza kichwa mlangoni. Alikuwa anakutafuta, mjinga yule. Halafu akapumua kwa nguvu, akatulia, na maziwa yakashuka. Mama yako ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, anakama, na huku anaimba lile gitaa. Wimbo wote! Kila kona, hata pale pagumu ambapo wewe ulikuwa ukikosea na kusingizia jembe. Alikuwa akilisikia asubuhi na jioni kutoka jikoni miaka yote hiyo, na sisi tulidhani ni mama mzee tu anayechemsha chai. Machozi yanamtoka, mikono haisimami.

Ulipokwisha, Mutwiri akauliza, "Kirimi alikuwa anausikiliza huu kila siku?"

Mama yako akamjibu, "Hukuwahi kuuliza."

Kisha tukaja kwako, pale nyuma ya mibuni. Udongo bado umeinuka. Tukavaa katani, tukaupiga wimbo upya tangu mwanzo, na hatukuukata. Nadhani uliusikia, na kama hukuusikia basi Nkubu nzima iliusikia kwa niaba yako. Mutwiri alikwenda stoo akarudi na redio yako na jembe lako. Redio akairudisha msumarini. Jembe akasimama nalo kama mtu anayekwenda kupalilia. Njue akamgeuzia mpini, akamwonyesha mkono wa kushoto unakaa wapi. Alishika vibaya sana, lakini alishika.

Mimi bado sijamsamehe. Kumsamehe nitamsamehe, ni ndugu yako, na alilia. Ila asinihimize.

Sasa nakuahidi. Siku ya Shomoro tutapita sokoni kama kawaida, na mbele, mahali pako, atapita Gerald, na katani yake nimeshaanza kuisuka. Mama yako anasema naye anataka katani yake. Na mtu yeyote Nkubu akisema ulikuwa mtu wa kwaya, nitamsimamisha palepale barabarani nimsomee wasifu wako wa kweli, hata kama amebeba mzigo.

Kila Jumamosi nakwenda kwenu saa ya kukama. Jumamosi iliyopita mama yako aliniambia, leo chagua wewe. Nikachagua mwimbaji wa kwanza. Ndiyo, yule wa kidole. Kirimi, Gerald alitoa maziwa mpaka povu likamwagikia magoti ya mama yako. Kwa mwimbaji wako hajawahi kutoa hivyo, hata ulipokuwa hai. Njue ni shahidi, na Njue hapendelei mtu. Jibu langu lenyewe ndilo hilo, na ni zuri kuliko lile nililokuwa nimeandaa.

Pumzika, rafiki yangu. Nilikaa pale zizini, ndoo imejaa, nikangoja useme ni upepo, useme ni nepia mpya, useme Njue amehongwa. Mama yako pia hakuinua ndoo, nadhani alikuwa anangoja hivyo hivyo.

Nimeshinda, Kirimi. Bisha basi. Bisha hata kidogo.

Kagendo