Kata Katikati, Kata Tena

Mjukuu wangu Mwajuma,

Mungu akulinde huko ugenini. Hapa Buyenzi tu wazima. Nyanya yako amepona goti, anatembea mwenyewe mpaka sokoni.

Unauliza kama kugawa mtandao wa kompyuta kulinishinda na mimi nilipokuwa nasomea cheti. Kulinishinda sana. Darasani nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, kwa haya. Siku ya zoezi nikazipa ofisi mbili kati ya nne anwani zilezile, mashine zikagongana. Espérance, mwanafunzi mwenzangu, akavuta kiti.

"We, tuna anwani mia mbili hamsini na sita. Kata katikati. Kata tena."

"Sitini na nne."

"Toa ya kwanza, ni jina la mtandao. Toa ya mwisho, ni ya kuita mashine zote."

"Zinabaki sitini na mbili!"

"Ni hiyo tu. Hata mi nilianguka mtihani huu mara mbili, sikuambia mutu."

Kwa kuniambia hilo aliniondolea haya. Nikaanza kuuliza, nikafaulu.

Sikuwahi kumshukuru. Jana, nilipomaliza kusoma ujumbe wako, nilikwenda kwake Nyakabiga nikamwambia asante. Alifuta macho, kisha akaomba namba yako. Atakupigia Jumapili. Mpokee vizuri.

Babu yako akupendaye,
Hamisi